Nusu ya Mkono

Mtaani kwetu mimi naitwa Mama Mwanasesere, na sina mtoto. Jina hilo nilipewa mwaka jana, baada ya mwanamke mmoja kuingia saluni analia, kabeba kitoto kilichofungwa bandeji kichwani, nami nikampa mauzo ya siku nzima akimbie hospitali. Kumbe kile kitoto kilikuwa mwanasesere. Kilimdondoka mbele ya duka la vyombo, mkono ukachomoka, na mama mtu hakugeuka hata kuuokota. Mtaa mzima ulicheka mpaka ukashika mbavu. Hasira zilipopoa hata mimi nilicheka, maana yule mwanasesere alikuwa na kope nzuri kuliko zangu.

Aliyeshindwa kucheka ni kaka yangu. Kaka anauza mabati, na ndiye aliyekodi chumba cha saluni, akanunua viti vya kuzunguka na kioo kinachofunika ukuta mzima. Mimi nilileta mikono. Tulikubaliana kwa mdomo tu, kama watu waliotoka tumbo moja: kila kichwa kikilipwa, nusu ni ya kiti na nusu ni ya mkono. Ya kiti ni yake, ya mkono ni yangu. Hatukuwahi kugombana hata siku moja mpaka alipoingia yule mwanasesere.

Kikao cha familia kikaitishwa sebuleni kwake. Baba mdogo alikuja, shangazi alikuja, mpaka binamu ambaye hana hata mtu mmoja asiyemdai alikuja kunifundisha habari za pesa. Walinijadili nimekaa pale pale katikati yao, nimeshika glasi ya maji. Mwisho wakaamua kwamba wifi yangu, mke wa kaka, atakaa saluni ashike droo. Pesa yote ipitie kwake, ya kiti na ya mkono. Nikitaka changu nimwombe, na nieleze ni cha nini. Na siku nikimpa tena pesa mtu nisiyemjua, saluni itakuwa ya wifi, mimi nitafute pengine pa kusukia.

"Umesikia, mdogo wangu?" kaka aliniuliza.

Nilisema nimesikia. Kusikia si kukubali, ila hilo hakuna aliyeliuliza.

Wifi yangu simwiti mtu mbaya. Namwita mwangalifu, na uangalifu wake ulikuwa umenifika hapa, shingoni. Ufunguo wa droo aliutundika kwenye mkufu wake. Nikimwomba pesa ya sabuni ataniuliza sabuni ya juzi imekwenda wapi, utadhani naila. Siku moja nilitaka pesa ya mambo yangu ya kike, saluni imejaa wateja, akauliza kwa sauti ya kuuzia samaki: "Ya nini?" Nikamjibu ya biskuti. Akauliza biskuti za aina gani.

Basi tukawa tunaishi hivyo. Mimi nasuka, yeye anauliza.

Siku ninayoisimulia, mchana, kitini alikuwa amekaa nesi. Ni mteja wangu wa siku nyingi, mwanamke wa maneno machache na nywele nyingi, na alitaka misuko midogo kwa sababu jioni alikuwa anaingia kazini na hakutaka kuonana na msusi tena mpaka mwezi ujao. Kusuka kunaanzia kisogoni kunapanda mbele. Nilikuwa nimefika katikati: nyuma kumelala kumetulia, mbele kumesimama kama mtu aliyeona nyoka. Ukimtazama kutoka nyuma ungemposa, ukimtazama kutoka mbele ungemwita daktari.

Sasa, kuna desturi moja ya wasusi ambayo lazima niieleze. Mteja halipi mpaka ncha za misuko zichovywe kwenye maji ya moto zishikane. Hiyo si sheria yangu, ni ya wasusi wote, na imetungwa kwa ubaya wetu wenyewe. Msusi akishalipwa, mkono unakuwa mzito. Wapo waliolipwa mapema, wakasema wanatoka mara moja kununua vocha, wakamwacha mtu wa watu na nusu kichwa mpaka kesho yake. Mimi mwenyewe huwaonya wateja wangu: msimlipe msusi kabla ya maji, hata awe dada yenu.

Pazia la mlangoni likasogea. "Hodi," sauti ya kiume ikasema.

Wanaume hawaingii saluni kwetu, labda wamekuja kumchukua mke au kugombana naye. Huyu alisimama palepale kwenye kizingiti, akachunga asikanyage nywele zilizokuwa sakafuni. Alikuwa mtu wa makamo, shati safi limechomekwa vizuri, suruali ina alama ya pasi. Lakini ndevu zilikuwa zimemwotea hovyo, nyeupe na nyeusi, zimepanda mpaka mashavuni, na hakujua aiweke wapi mikono yake. Nilimtazama kupitia kioo. Kazi yetu ndiyo ilivyo, watu tunaongea nao kwenye kioo.

"Samahanini, kina mama," alisema. "Naomba mnisaidie pesa kidogo."

"Ya nini?" nikauliza, bila hata kuinua kichwa.

Neno lilinitoka kabla sijalijua. Nilipolisikia nikakasirika, maana lilikuwa la wifi yangu, na sauti ilikuwa ya wifi yangu, ila mdomo ulikuwa wangu.

"Nina shida nayo, mama," yule mtu akajibu.

Wifi aliweka simu chini. Kwa mambo haya yuko macho saa zote. "Shida ya nini? Kila mtu ana shida. Una mgonjwa?"

"Hapana."

"Umeibiwa nauli?"

"Hapana, mama."

"Una njaa?"

"Nimekula jana." Alisema hivyo kwa upole, kama anayejibu swali la kawaida kabisa.

"Sasa ya nini?"

"Naomba nisiseme."

Wifi akapiga makofi. "Haa! Wifi, umesikia? Mwombaji ana siri! Yaani nikupe pesa yangu, halafu wewe unifiche!"

"Ningeweza kusema nauli," yule mtu alisema. "Pale dukani nilisema nauli, wakaniambia nyote mnasema nauli. Mbele kidogo nikasema nina mgonjwa, wakataka jina la hospitali, nikashindwa kuwatajia. Nimechoka kutunga, mama. Nina shida na pesa kidogo. Mkinipa nitashukuru, mkininyima nitakwenda zangu."

"Siku hizi hata matapeli wamechoka kazi," nesi akanong'ona, na mabega yake yakacheka chini ya kitambaa.

Mimi sikucheka. Mkono ulikuwa unasuka, na kichwa kilikuwa kinazunguka. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliumwa mchana kweupe, mtaa mzima ukishuhudia. Nikajiambia, dada, mwache aende. Humjui, hakujui, ana miguu, ana shati lililopigwa pasi kuliko lako. Na nilijua bei ya kumpa. Haikuwa pesa anayoiomba, ilikuwa saluni. Ilikuwa kile kioo, vile viti, ule msururu wa wateja wanaojua mlango wangu. Nilikuwa nimeanika maisha yangu yote kwenye chumba kimoja, na mwenye chumba alikuwa ametaja siku ya kunitoa. Niliogopa. Nasema waziwazi, niliogopa mpaka nikakaza msuko mmoja kupita kiasi, nesi akasema "aii."

Lakini kulikuwa na kitu kingine kinanichoma. Yule mwanamke wa mwanasesere alikuwa na hadithi nzuri mno. Alikuwa na ugonjwa, jina la daktari, chozi kila jicho, na dua za mpaka kizazi cha saba. Nilimpa kwa sababu alijieleza vizuri. Huyu hakuwa na chochote cha kuniuzia. Kama alikuwa tapeli, basi alikuwa tapeli mvivu kuliko wote niliowahi kuwaona. Na kama hakuwa tapeli, alikuwa mtu mzima aliyebakiwa na kitu kimoja tu, nacho ni kutosema.

"Sikiliza, baba," wifi akasema, na sauti yake ikalainika. Naujua ulaini huo, ndio hunipandisha presha. "Sisi si watu wabaya. Tueleze tu ni ya nini, sisi wenyewe tutaona kama inafaa. Ikifaa, pengine tutakusaidia."

Yule mtu aliinamisha kichwa. Nikaona midomo yake inaanza kusogea. Alikuwa anataka kusema. Alikuwa ameshashindwa, anatafuta pa kuanzia, na wifi yangu alikuwa ameegemeza kidevu kwenye kiganja anasubiri kuletewa.

"Usimwambie!" nikapiga kelele.

Nesi aliruka kitini. Hata mimi nilishtuka.

"Usimwambie kitu," nikarudia. "Kaa nayo hiyo shida yako. Wifi, fungua droo. Nipe nusu yangu ya vichwa vya asubuhi."

"Ya nini?" wifi akauliza.

"Yangu."

"Nauliza ya nini."

"Na mimi najibu. Ni yangu."

Akafunika ufunguo kwa kiganja, pale kifuani. "Wifi, usinitie matatani. Kaka yako alisema nini? Mbele ya baba mdogo, mbele ya shangazi! Au unataka mpaka tukubandikie ukutani?"

Sikubishana naye. Nilimtazama nesi usoni, kwenye kioo. "Nesi, kichwa chako kimefika nusu. Naomba unilipe sasa hivi, mkono wangu wa nusu hiyo. Ya kiti usinipe. Nipe ya mkono tu, taslimu, kiganjani."

Nesi akanikodolea macho. "Dada, si wewe uliyenifundisha nisimlipe msusi kabla ya maji?"

"Ni mimi."

"Sasa nikikulipa halafu ukaondoka? Jioni naingia kazini. Nikitokea wodini na kichwa hiki, wagonjwa watapona kwa kukimbia."

"Siondoki."

"Nitajuaje?"

Nilitaka kuapa. Nikatafuta kiapo kizuri, cha mama, cha kaburi la baba, nikaona hapana. Yule mtu hakuniapia. "Hutajua," nikamwambia.

Nesi alinitazama mimi, akamtazama yule mtu, akajitazama mwenyewe na ule msitu uliobaki mbele. Kisha mkono wake ukapita chini ya kitambaa, ukatafuta pochi, ukatoka. Aliniwekea pesa kiganjani kwa uso wa mtu anayekunywa dawa chungu. Wala haikupoa. Niliivusha moja kwa moja mpaka mlangoni.

Yule mtu aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitazama ni ngapi. Hakunibariki, hakunitakia watoto wala maisha marefu. Alisema "Asante, mama," akateremka ngazi, akaenda.

"Umekwisha," wifi akasema. Simu ilikuwa tayari iko sikioni. "Baba watoto, njoo. Ndiyo. Tena. Mbele ya macho yangu. Njoo sasa hivi."

Nikarudi nyuma ya kiti, nikachukua fungu jingine la nywele. Mikono ilijua njia yake. Wifi naye hakutulia. Alivuta pazia akasimama mlangoni, akawa anatutangazia kama mpira.

"Anavuka barabara. Haendi kituoni, nilijua tu! Anaangalia huku, anaangalia kule. Anapita duka la mikate, halioni. Anapita duka la dawa, halioni. Haya. Anasimama." Kisha akapiga kelele za furaha. "Jamani! Jamani njooni mwone! Kaingia kwa kinyozi!"

Kinyozi yuko ng'ambo ya barabara, mlango wake ni wa kioo, na kila kinachofanyika mle ndani kinaonekana. Nesi aligeuza kiti mwenyewe. Nami nikatazama, msuko mkononi. Yule mtu alikuwa ameshakaa, shuka jeupe limefungwa shingoni, kichwa amekilaza nyuma, na kinyozi anampaka povu.

"Ndevu!" wifi akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Kagoma kusema kumbe ni ndevu! Pesa ya mtu, jasho la mtu, kaenda kujiremba! Safari hii tutakuita Mama Kinyozi!"

Hata nesi alikereka. "Mtu amekula jana, dada. Si angenunua mkate kwanza?"

Nikiri, moyo ulishuka. Nilikuwa nimempa mtu saluni yangu nzima, naye kaipaka povu. Kwa muda mfupi nilimchukia, nikajichukia na mimi, nikaona sebule ya kaka, na baba mdogo anatikisa kichwa. Halafu macho yangu yakarudi ndani. Yakaona viti. Yakaona kioo. Yakaona mafuta ya nywele yamepangwa kwa rangi, na nesi na misuko yake, na wigi la wifi ambalo lilinunuliwa mwezi ule ule walipochelewesha ada ya mtoto. Hasira ikageuka, ikatafuta mtu mwingine.

"Nesi," nikasema, "asubuhi uliponipigia simu ulinieleza nini kuhusu gesi yako ya kupikia?"

"Kwamba imeisha."

"Ikawaje pesa yake?"

Nesi akaanza kucheka taratibu, kwa aibu. "Imo kichwani."

"Na nani aliyekuuliza? Mimi nilikuuliza? Nilikuambia nenda kanunue gesi kwanza?" Nikamgeukia wifi. "Na sisi humu ndani tunakula nini, wifi? Tunakula watu wanaoacha kununua mkate ili wakitoka hapa waweze kutembea wameinua uso. Kiti unachokaa kimelipwa na watu hao. Kama kunyoa ndevu ni upuuzi, funga saluni sasa hivi, nami nitakusaidia kufunga."

Wifi akarudi kutazama nje. Ng'ambo, yule mtu alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa mwingine kabisa, mdogo zaidi, na kidevu kumbe kilikuwa na kishimo. Alijitazama kwenye kioo cha mlango wa kinyozi, akanyoosha kola, akaondoka kwa hatua ndefu za mtu anayesubiriwa. Alikuwa anaenda wapi na uso ule, sijui mpaka leo. Pengine kuomba kazi. Pengine mahakamani, pengine kwa mke aliyemwacha, pengine kumzika mtu. Hakuniambia, na sikutuma mtu kumfuata.

Kaka alifika na vumbi la mabati mikononi. Hakusalimu. "Ni kweli?" akaniuliza.

"Ni kweli."

"Kaenda kunyoa ndevu?"

"Na amenyolewa vizuri, kaka. Yule kinyozi anajua kazi."

Nesi alikohoa kikohozi ambacho si cha mgonjwa yeyote ninayemjua.

Kaka akakaa kwenye kiti cha pili. Ni mtu mwema kaka yangu, na ndiyo maana ni vigumu kugombana naye. "Mdogo wangu," alisema, "mimi nakufanyia haya kwa uchungu. Baba alipokuwa anakata roho alinishika mkono akasema mwangalie mwenzio. Nakuangalia. Watu wanakula jasho lako, na wewe unawachekea."

"Wanaokula jasho langu nawajua, kaka. Mmoja kavaa ufunguo shingoni."

"Unanitukana mbele ya mume wangu!" wifi akasema.

"Nauliza kitu kimoja tu. Nusu ya mkono ni ya nani?"

"Ni yako," kaka akasema, "lakini..."

"Hiyo lakini ndiyo nisiyoitaka. Nitolee hiyo lakini, uniachie iliyobaki. Nikiipoteza nimeipoteza mimi. Nikitapeliwa nimetapeliwa mimi. Mwaka jana mtaa ulicheka, ukanipa jina, nikalivaa, sikufa. Lakini kuomba changu mwenyewe, kila siku, niseme cha nini, mpaka cha damu yangu niseme cha nini! Yule mtu kaomba siku moja akaona bora akose. Mimi nimeomba mwaka mzima."

Kaka alitazama mikono yake. Nadhani hilo la damu hakulijua. Alimtazama mkewe, mkewe akatazama droo, na kwa muda nikafikiri labda. Lakini alikuwa ametamka mbele ya baba mdogo, na kaka yangu ni mtu wa kusimamia neno lake hata likimchoma.

"Tulishasema," akasema kwa sauti ndogo. "Hata mimi siwezi kulirudisha. Utoke."

"Na kichwa cha mteja?"

"Atamalizia wifi yako."

Wifi yangu hajawahi kusuka hata kamba ya mbuzi. Nesi alikamata kichwa chake kwa mikono yote miwili. "Hanigusi mtu!" akasema, akasimama.

Nilichukua kitana changu cha mkia na mafungu ya nywele yaliyobaki, ambayo nesi aliyanunua mwenyewe. Tulipofika mlangoni wifi akasema kile kitambaa cha mabegani ni cha kiti. Nesi akakivua, akakikunja vizuri, akamkabidhi kama anavyokabidhi shuka za wodini. Nje, chini ya dirisha letu, kulikuwa na kreti tupu la soda. Nikalipindua, nesi akakaa, akajifunika mtandio wake, nami nikaendelea pale nilipoishia.

Ilikuwa mara ya kwanza kusuka bila kioo. Sikuuona uso wa nesi, nilikuwa naona kichwa tu na barabara. Watu hawakukawia. Muuza vyombo alitoka, wapita njia wakapunguza mwendo, na mmoja akasema kwa sauti kubwa kwamba Mama Mwanasesere katolewa nje.

"Nimetolewa, ndiyo," nikamjibu. "Nimempa mtu pesa akanyoe ndevu. Na wewe zako zikikushinda, njoo uniombe."

Walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kile cha mwaka jana. Au pengine kilikuwa kile kile, ila mimi sikuwa tena mtu wa kukiinamia. Nilisuka. Jua lilinipiga kisogoni, vidole vikapata mwendo wake, msitu wa mbele ukapungua mpaka ukabaki mstari mmoja juu ya paji la uso, kisha ukaisha. Yakabaki maji.

Maji ya moto yalikuwa ndani. Bila maji, ncha zingefumuka kabla nesi hajafika kazini, na kazi yote ingekuwa bure. Kaka naye alilijua hilo, kwani amekaa na wasusi vya kutosha. Alitokea mlangoni kashika jagi, mvuke unapanda. Watu wakasogea karibu.

"Sikutakii ubaya," alisema. "Nimeongea na mke wangu. Sema neno moja tu: nilikosea. Hapa, mbele ya hawa, wakiwa mashahidi. Chukua maji, maliza kazi, kesho uje kama kawaida. Mimi baba mdogo nitamweleza."

"Na ufunguo?"

"Ufunguo tutauzungumza baadaye."

Nesi akageuza shingo. "Dada, sema tu," akanong'ona. "Maneno matupu hayavunji mfupa. Sema tuondoke."

Nilimtazama kaka na jagi lake. Alikuwa ananiomba, jamani. Alikuwa amesimama mlangoni mwake mwenyewe, anataka kitu kidogo kutoka kwangu, na macho yake yalikuwa yanasema nisimwaibishe. Na mimi nilikipenda kile chumba. Nilikuwa najua kila mlio wa mlango wake. Nilikuwa na neno moja tu la kutoa, nilale nimeshiba.

"Nilikosea," nikasema.

Kaka akashusha pumzi. Akanipa jagi, nami nikalipokea kwa mikono miwili, nikaliweka juu ya ngazi. Wifi nyuma yake alianza kutabasamu. Nikakusanya misuko yote ya nesi kwa mkono mmoja, nikamwambia alaze kichwa nyuma, nikazichovya ncha.

"Nilikosea," nikaendelea, "kwa sababu neno la kwanza nililomwambia yule mtu lilikuwa 'ya nini?' Kaingia mtu mzima na shida yake, kapiga hodi, na mimi nikamuuliza ya nini. Hapo nilikosea. Sikupaswa kumuuliza. Kumpa sikukosea, kaka, na angerudi sasa hivi na ndevu nyingine ningempa tena."

Hakuna aliyecheka. Muuza vyombo alitazama viatu vyake. Nilizitoa ncha, nikazikausha kwa upande wa nguo yangu, zikawa zimeshikana barabara. Nesi alipapasa kichwa chake kutoka kisogoni mpaka mbele, taratibu, maana hakuwa na pa kujitazamia. Halafu akafungua pochi, akalipa iliyobaki, na ile ya muda aliokalia kiti nikamwambia ampe kaka. Akampa. Kaka aliipokea bila kuitazama.

"Hayo siyo niliyotaka useme," akaniambia.

"Najua, kaka."

"Basi siwezi kukurudisha."

"Na hilo najua."

Akachukua jagi lake, akaingia, pazia likashuka. Niliumia. Sitaki mtu aseme sikuumia, maana huyo ni kaka yangu, na sina mwingine. Nesi alikuwa ameshasimama, kreti limebaki wazi. Katika wale waliokuwa wakitazama kulikuwa na mwanamke mmoja, kajifunga kitambaa kichwani, kakishika kwa vidole viwili asije mtu akaona kilicho chini yake. Aliuliza kama bado nasuka.

"Nasuka," nikamwambia. "Kaa."